Kumtafutia Mtoto Nafasi ya Shule ya Msingi Kitale na Bungoma

Familia inayohama Nairobi kwenda Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, au Bungoma, haiombi fadhila inapobisha mlango wa shule ya msingi ya umma, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza karo na pia mtihani wa kuwachuja watoto, isipokuwa tathmini ya kubaini kiwango kinachomfaa mwanafunzi. Hata hivyo, kila mwanafunzi husajiliwa katika mfumo wa kidijitali wa Wizara ya Elimu, na usajili wake hauhami mpaka shule anayotoka imwachilie. Kwa hiyo ni busara kuzungumza na walimu wakuu wa shule zote mbili, anayotoka na anayokwenda, kabla ya kukodi lori la mizigo.

Suala linalosahaulika, na pengine lenye uzito zaidi kwa mtoto mwenyewe, ni lugha. Sera ya elimu huelekeza kwamba gredi ya 1 hadi ya 3 zifundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na katika vijiji vingi vya Bungoma lugha hiyo ni Kibukusu, ambacho mtoto aliyelelewa Nairobi huenda hakifahamu hata kama babu na nyanya yake wanaishi huko. Kitale, mji uliokua katikati ya mashamba ya walowezi na kuvutia watu wa jamii nyingi, sera hiyohiyo hukipa Kiswahili nafasi pana zaidi. Mzazi amwulize mwalimu wa darasa, si mwalimu mkuu pekee, ni lugha gani hasa hutumika kufundishia kusoma na hesabu.