Kupoteza, Kupotewa na Kufiwa: Tafsiri ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Mwanafunzi wa tafsiri anayekutana na kitenzi "lose" cha Kiingereza huandika "poteza" bila kusita, na mara nyingi hakosolewi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba kisawe hicho kimoja hakitoshi, na kwamba ziko hali ambamo kukitumia ni kumsingizia mtu jambo asilolitenda. Mfano wetu mkuu tutauchukua kutoka Kibumba, kilomita ishirini hivi kaskazini ya mji wa Goma, Kivu Kaskazini.

Tuanze na mzizi wenyewe. Kitenzi cha msingi ni -potea, ambacho kiima chake ni kile kisichoonekana: ufunguo umepotea, mbuzi amepotea. Mwenye mali hatajwi. Kwa kauli ya kutendesha tunapata -poteza, na hapo kiima ni yule aliyesababisha kupotea huko, kwa kusudi au kwa uzembe. Ndiyo maana kitenzi hiki hubeba pia maana ya kufuja, kama katika kupoteza mali au kupoteza wakati, na anayesemwa kuwa "amempoteza" mwenzake aweza hata kudhaniwa amemwua kwa siri. Lakini Kiswahili kina njia ya tatu, nayo ni -potewa (wengine husema -potelewa), ambayo kiima chake ni mtu aliyepatwa na upotevu bila ya kuutenda: mama amepotewa na mtoto. Utaratibu ni ule ule wa -fiwa, -kimbiwa na -ishiwa. Kiingereza hakina njia hiyo, wala Kifaransa katika kitenzi chake "perdre". Aliyepatwa huwekwa mbele kana kwamba ndiye mtendaji.

Maana nyinginezo hazina haja ya kutuweka sana. Aliyeshiriki mchezo hushindwa, au hufungwa ikiwa ni kandanda, mfanyabiashara hupata hasara, nafasi hukoswa, mgonjwa hukonda, hutokwa na damu, huzirai, kitambaa huchujuka, mimba huharibika. Kukata tamaa ni kioja kidogo, kwani hapo Kiswahili ndicho kinachomfanya mtu kuwa mtendaji, tena mwenye kisu mkononi!

Sasa twende Kibumba. Katikati ya Julai 1994 watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia eneo la Goma katika muda wa siku chache, na Kibumba ikawa mojawapo ya makambi makubwa, pamoja na Katale na Mugunga. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Maji hayakuwapo, ikabidi yaletwe kwa malori. Na makaburi hayakuchimbika kwa urahisi, ilhali kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu katika majuma machache ya kwanza. Maelfu ya watoto walionekana bila ya wazazi, na Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine yakaanza kuwaandikisha.

Hebu tufikirie karani katika hali kama hiyo, ambaye fomu yake imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, naye anajaza tafsiri hii: "Mama huyu alimpoteza mtoto wake." Msomaji wa sentensi hiyo aweza kuelewa kwamba mtoto amekufa, au kwamba haonekani, au kwamba mama alimwacha. Maana ya kwanza huifunga kazi ya kutafuta. Ya pili ndiyo inayoianzisha. Ya tatu ni mashtaka. Lakini "alifiwa na mtoto" na "alipotewa na mtoto" hayachanganyiki hata kidogo. Na kipo pia kitenzi -poteana, ambacho kwa maoni yetu ndicho bora kuliko vyote kwa watu waliotengana katika msongamano wa njiani, kwa kuwa huwafanya wote wawili kuwa kiima, bila ya kumlaumu yeyote.

Msomaji makini atapinga kwamba umbo la kitenzi peke yake halithibitishi lawama. Ni kweli, na ushahidi uko pale pale Kibumba, ambako Kinyarwanda husemwa sana. Katika lugha hiyo "gupfusha" ni kauli ya kutendesha ya "gupfa", yaani kufa, lakini maana yake ni kufiwa: asemaye "yapfushije umwana" hamtuhumu mzazi kwa mauaji. Kwa Kiswahili -fisha ni kuua. Kila lugha ina desturi yake, na mfasiri anayefuata umbo atageuza msiba kuwa jinai. Vilevile "kubura" kwa asili ni kukosa au kutoona, lakini hutumika pia kwa adabu kutaja kifo; kwa hiyo anayesema "nabuze umwana" ni lazima aulizwe zaidi kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba taifa "limempoteza" kiongozi fulani. Hatuna ugomvi na tafsida hiyo katika taazia. Ugomvi wetu ni pale inapohamia kwenye fomu.

Kambi ya Kibumba ilitawanywa na vita mnamo Oktoba 1996, mwaka ule ule ambao TUKI ilichapisha Kamusi yake ya Kiingereza–Kiswahili. Mwaka 2022 wenyeji wa Kibumba nao walikimbia mapigano ya M23, wengi wao wakielekea Kanyaruchinya, karibu na Goma, na fomu zikahitajika tena. Anayeziandaa kwa Kiswahili tungempendekezea kwamba swali la kwanza lisiwe "Ulimpoteza nani?" bali "Mlipoteana wapi?" Jibu lake huwa ni jina la mahali, na mtafutaji huanzia hapo.