Ivuna: Historia Iliyofukiwa Jaani

Msafiri afikapo Mpemba, karibu na Tunduma, huyaona malori yakielekea mpakani na shehena za kila namna. Ni wachache wafahamuo kwamba kaskazini ya hapo, chini katika Bonde la Rukwa, watu walitengeneza chumvi karne nyingi kabla ya barabara hiyo. Mahali penyewe ni Ivuna, Wilaya ya Momba.

Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna. Hawakukuta kasri wala msikiti wa mawe kama ule wa Kilwa. Walikuta vigae vya vyungu kwa wingi, mifupa ya mifugo na makaburi, yaani makazi ya raia wa kawaida. Vipimo vya mkaa vilionyesha kwamba watu waliishi hapo kati ya karne ya 13 na ya 15.

Umri huo ulijulikanaje? Mti ulio hai hupokea kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni-14. Mti ukifa, kaboni-14 huanza kupungua kwa kadiri inayojulikana: nusu yake hutoweka katika miaka 5,730. Kwa hiyo mkaa wa jiko la kale hutujulisha umri wa tabaka la udongo ulimolala, pamoja na umri wa vigae vilivyolala nao. Kigae kilichong'olewa na kutupwa kando hakina tena wa kukitolea ushahidi.

Kilichowavuta watu Ivuna ni chemchemi za maji ya chumvi. Maji yakichemshwa hukauka, chumvi ikabaki; na chungu kikaacho motoni kila siku hakina budi kupasuka. Hivyo jaa la vigae ni daftari la kazi yao.

Elimu ya namna hii hupatikana kwingineko pia. Huko Vindolanda, kaskazini ya Uingereza, wachimbaji hawakutosheka na ngome ya askari wa Kirumi. Walichunguza pia kijiji cha raia kilichokuwa nje ya kuta zake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda mabaki ya aina hii, na hukataza kuyachimba bila kibali. Lakini sheria haiwezi kusimama zamu katika kila shamba. Mkulima ambaye jembe lake litagonga vigae na aviache vilipo, kisha apeleke habari serikalini. Wahenga wale hawakuacha maandishi. Wametuachia vyungu tu.