Mguu Umeteguka au Umevunjika: Ulipie Picha Ipi?

Mtu akianguka ngazini na kifundo cha mguu kikavimba, ndugu huanza kuchangishana. Mmoja anataka eksirei, mwingine anasema heri MRI, ionekane yote. Pesa nyingi hupotea hapo, kwa sababu kipimo cha kwanza hakizidi ada ya kumwona daktari: vidole vyake.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni inayotumika hadi leo. Daktari hubonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, kila upande wa kifundo, sentimita 6 za mwisho hadi ncha, kisha anakuomba upige hatua 4. Ukitembea, hata kwa kuchechemea, na mfupa hauumi, mara nyingi picha haihitajiki. Ila kanuni hii haimfai mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu.

Ikihitajika, eksirei ndiyo nafuu, nayo huonyesha sehemu kubwa ya mivunjiko. Dai picha ya mbele na ya ubavuni, maana ufa uliojificha upande mmoja huonekana upande wa pili. CT ina gharama na mionzi zaidi; inafaa mfupa uliosagika ndani ya kiungo, daktari anapopanga upasuaji.

Kifundo cha mkono ndicho kigumu. Ukiangukia mkono na panauma kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, eksirei ya siku ya kwanza inaweza kutoka safi na mfupa una ufa. Daktari makini hukufunga gango, akarudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Eksirei mbili ni nafuu kuliko MRI moja. Lakini kwa fundi cherehani, wiki mbili bila kazi zinaweza kuzidi bei ya MRI, na hapo mimi ningelipia MRI mapema.

Goti la mzee lipigwe eksirei akiwa amesimama. Akilala, nafasi iliyopungua kati ya mifupa hujificha. MRI yake mara nyingi huonyesha gegedu zilizochanika ambazo hata hazimuumi, na kumtia hofu bure. Iachiwe goti lililojipinda uwanjani na sasa linakwama.

Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu, usisubiri picha yoyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maji yake yavutwe kwa sindano na kupimwa.