Windows 11 Ni ya Bwerere, RAM Ni ya Mfuko Wako

Wasee wengi hii Nairobi wako na lapi ya ex-UK. EliteBook, ThinkPad ama Latitude yenye ilifanya job miaka kadhaa kwa ofisi ya watu huko Uingereza, ikafutwa vumbi, ikatua kwa stoli ya Moi Avenue na ikapewa chaja ya mchina na begi ya bure. Ni mashini ngumu, sina noma nazo. Zimepeleka watu hadi graduesheni, zimepika biti za mtaa, zimekesha na watu wa transkripsheni. Lakini tangu 14 Oktoba 2025 ziko kwa kona mbaya. Hiyo ndio siku Microsoft ilikata sapoti ya kawaida ya Windows 10, OS yenye ilitoka 2015, ikaambia kila mtu ahamie Windows 11.

Kuhama ni bwerere. Hapo ndio wasee wanaingia box, juu kitu ya bure ni ile faili ya kudaunilodi tu. Hiyo faili nayo ni GB kadhaa, na kama intaneti yako ni hotspot ya simu, bundle itaisha kabla hujajua imeanza. Ingia kwa Settings uweke hiyo hotspot kama "metered connection" leo leo, hata kama huna plan ya kuhama. Sasa bili yenyewe iko kwa RAM.

Kwa karatasi Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chip ya usalama inaitwa TPM 2.0, na prosesa si ya kitambo. Msee anasoma hiyo 4, anacheki lapi yake iko na 4, anafinya batani. Maze, hiyo 4 ni ya kuwaka, si ya kufanya kazi. Kabla hujafungua kitu yoyote, OS na watu wake wa nyuma ya pazia wanaweza kuwa washakalia karibu GB 3. Yenye imebaki ndio ugawanye na Chrome, Word na lekcha ya Zoom. Hapo hakuna mchezo, utachapa.

Ukitaka kujua hii stori ilianza lini, angalia namba. Windows XP ya 2001 ilikuwa inadai MB 64. Vista ya 2007 ikaruka hadi MB 512, na hiyo nayo ilikuwa vako, juu kwa GB 1 bado ilikuwa inavuta mguu. Marekani watu walipeleka Microsoft kortini juu ya zile stika za "Windows Vista Capable" zilibandikwa kwa mashini zenye haziwezi kuonyesha ule urembo wa Vista wenyewe. Baada ya hiyo aibu, mambo yakatulia. Windows 7, 8 na 10 zote zilisimama kwa GB 1 ya mashini za biti 32, GB 2 za biti 64. Msee angehama kutoka 7 hadi 10 na RAM yake ile ile. Alafu 2021 Windows 11 ikakuja, ikatupa biti 32 nje kabisa, ikaanzia kwa 4. Kutoka XP hadi hapo ni mara 64. Na kazi yenye wengi wetu tunafanya bado ni kutype, kubrauz na kucheki video.

Sasa, RAM ikijaa inakuwaje? Ifikirie kama ile meza ya mbele ya kibandaski. Hapo ndio mathe anakata sukuma na kusukuma chapo. Diski ni stoo ya nyuma. Meza ikiwa ndogo, kila oda mpya inabidi abebe sufuria moja arudishe stoo ndio apate nafasi, alafu mteja wa kwanza akiitisha tena anaikimbilia. Windows inafanya hivyo na kitu inaitwa "page file". Kama stoo yako ni SSD, utaona kachelewa kidogo. Kama ni hard disk ya kuzunguka, zile za kupiga kelele ka-kriii, mashini inaganda, mshale unabaki hapo ukikuangalia, na wewe unabaki ukiuangalia.

Usiamini stori za mtu hapa, hata zangu. Finya Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka. Ingia Performance, alafu Memory. Usishtuke ukipata asilimia 60 imetumika na hujafanya kitu, juu hiyo asilimia pekee haikuambii kama RAM ni ndogo. Kuna mistari miwili ndio ya maana. Kwanza ni "Committed", iko na namba mbili zimegawanywa na mkwaju. Ile ya kwanza ikikaa juu ya RAM yako siku mzima, meza ni ndogo, maliza hiyo stori. Ya pili ni "Slots used". Ikiandika 1 of 2, umeomoka: kuna nafasi tupu ndani inakungoja. Ikiandika 2 of 2, itabidi utoe moja ndio uweke kubwa.

Na nani anakula hiyo yote? OS yenyewe ni mmoja tu wa walaji. Mlaji mkubwa ni tabia ya siku hizi ya kila programu kuwa brauza imevaa nguo. Teams mpya iko hivyo, zile Widgets za kando ziko hivyo, na hata WhatsApp ya Windows mwisho wa 2025 iliacha ile programu yake nyepesi ya kitambo ikawa WhatsApp Web ndani ya WebView2. Kila moja inakuja na kipande chake cha brauza. Ongeza Chrome yako, yenye inapea karibu kila ukurasa prosesi yake, na hizo kurasa zako za eCitizen, HELB, YouTube na zile za kubeti unajifanya huna. Alafu kuna ulinzi. Windows 11 ikiwekwa upya huwa inawasha "Memory integrity", inayofungia sehemu nyeti ya mfumo kwa chumba chake. Ni kitu poa kwa usalama, lakini prosesa nzee inaskia uzito. Mimi siwezi kuambia mtu aizime ndio FIFA ikimbie.

Tukifika kwa prosesa, hapo ndio wengi wanapigwa. Microsoft inakubali Intel kuanzia jenereshen ya 8. Soma stika ama bonyeza About: i5-6300U ni ya 6, i5-8350U ni ya 8, kwa chip kama hizi, ile namba ya kwanza baada ya kistari ndio inabonga. EliteBook 840 G3, ile favorite ya makomredi, ni ya 6. ThinkPad T470 ni ya 6 ama 7. Hizo haziko kwa list. Ukipata stoli inauza G3 na Windows 11 ishawekwa, jua kuna msee alipitia mlango wa nyuma. Itawaka, ndio, na siku kadhaa utaringa nayo. Lakini Microsoft yenyewe imesema mashini kama hizo haziahidiwi apdeti. Kwa hivyo unalipa RAM na usumbufu wa OS mpya, na ule ulinzi wenye ulikuwa unauhamia bado hauna uhakika. Hiyo hesabu mimi siielewi. Tafuta 840 G5 ama T480 yenye prosesa ya jenereshen ya 8, hapo unaweza kubargain ukiwa na amani.

Ukishaamua kuongeza RAM, usitume mtu na pesa akuletee "RAM ya laptop". DDR3L haiingii kwa sloti ya DDR4, ule mkato wa chini uko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja kitu. 840 G1 na G2 ni DDR3L, G3 hadi G5 ni DDR4. Na kuna zile nyembamba za kuuza sura, X1 Carbon, MacBook Air, zenye RAM imechomelewa kwa bodi. Hizo zilikuja na 8 zitakufa na 8, hakuna fundi wa Luthuli atakusaidia hapo, hata akikuitia chai. Ukiweka vipande viwili vya size moja, hata grafiksi za Intel zinapata nguvu kidogo, juu hazina memori yao, zinakopa kwa RAM yako.

Bei nayo imekuwa ngori. Kuanzia mwisho wa 2025 RAM imepanda dunia mzima juu makampuni za AI zinabeba chip kwa malori, na Desemba hiyo Micron ikatangaza inaacha kuuzia raia wa kawaida RAM za Crucial. Kile kipande cha GB 8 ulikuwa unalenga kwa droo, leo kina heshima. Maoni yangu: ukiwa na 4, kaa hapo ulipo. Ukiwa na 8 na SSD, hama, lakini ingia kwa Startup apps uzime kila kitu hukuita, kuanzia na Teams na OneDrive. Ukiwa unaediti video ama unapika biti, bila 16 usijisumbue.

Na kukaa si lazima ukae uchi. Microsoft iko na mpango wa ESU, apdeti za usalama za Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Wengi wanadhani ni dola 30 tu, karibu thao nne zetu. Lakini ukiingia na akaunti ya Microsoft na ukubali kusink settings zako, hulipi kitu. Ukitaka kuachana na hawa jamaa kabisa, Linux Mint inaomba GB 2 na inasema 4 ndio poa, na kwa G3 inateleza vizuri sana. Shida ni Excel. Zile fomu za serikali zenye makro hazielewani na LibreOffice, na mwisho wa Juni, deadline ya ritani za ushuru, ukiwa kwa hiyo shimo utarudi cyber na flash mkononi.

Kwa wenye wameamua kufinya: kopi vitu zako kwa diski ya nje kwanza, alafu pea mashini siku mbili tatu kabla uanze kulia, juu mwanzoni inapanga faili na kudaunilodi apdeti zake. Ikikataa kabisa, Settings, System, Recovery, kuna "Go back". Iko hai siku kumi pekee. Baadaye Windows.old inafagiliwa, na kurudi nyuma kunakuwa ni kuformati.