Jino lililoanza kuoza si lazima lichongwe

Daktari wa meno hupuliza hewa juu ya jino mpaka mate yakauke, kisha hutazama chini ya taa. Pale enameli ilipoanza kuoza hujitokeza doa jeupe kama chokaa, lisilong'aa. Madini yameanza kupungua, lakini tundu bado, na mashine ya kuchonga haina kazi hapo. Wakazi wa Arusha na kwingine kwenye floraidi nyingi majini wasitishike: madoa yao ya tangu utotoni mara nyingi si kuoza.

Tiba gani basi? Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani unaangalia kwanza mahali palipoathirika. Juu ya gego, mifereji huzibwa kwa utando wa plastiki na kupakwa vanishi ya floraidi ya asilimia 5. Kati ya meno mawili hutumika vanishi hiyo, au njia iliyobuniwa Ujerumani: tindikali huondoa tabaka jembamba la juu, halafu utomvu mwepesi hupenya ndani na kugandishwa kwa mwanga. Njia hii hufifisha na weupe wa doa, ila ni ghali.

Wazee wana tatizo lao. Fizi zikishuka, mzizi usio na enameli hubaki wazi na kuoza upesi. Wao huandikiwa dawa ya mswaki yenye floraidi sehemu 5,000 kwa milioni, ilhali ya kawaida huwa na 1,000 hadi 1,500.

Ipo pia dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwa dakika chache, bila sindano, na husimamisha uozo hata tundu likishatokea. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima. Mgonjwa aelezwe hilo kabla ya kupakwa. Kwa jino la mbele wengi watakataa, na wana haki. Kwa gego la bibi asiyeweza kukaa muda mrefu kwenye kiti cha daktari, weusi huo ni nafuu kubwa kuliko kung'olewa.

Tundu likitokea, bado kuna njia isiyohitaji umeme, iliyoanzia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980: uozo laini hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha jino huzibwa kwa saruji inayotoa floraidi.