Upepo ukipiga mluzi ndani ya gari, tafuta tundu lake

Ndugu mfanyakazi, sikio lako limetumika kutwa nzima kando ya kompresa, mashine ya kusaga mawe na ile ya kutoboa mwamba. Jioni linataka kupumzika, kama vile mgongo unavyotaka kitanda. Ukipanda gari lenye kuvuma na kupiga mluzi, sikio linaendelea na kazi, na kazi hiyo haina mshahara.

Kipimo ambacho wataalamu wengi wa afya kazini hukifuata ni hiki: kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Chembe za kusikia zikishakufa haziponi wala hazioti tena.

Kelele hiyo hutoka wapi?

Katika barabara ya udongo ya Bunia, Bogoro, Gety hadi Aveba, gari haliwezi kwenda mbio sana. Utasikia zaidi injini na mawe. Lakini ukivuka Mahagi kuingia Uganda, ukakanyaga lami ya Nebbi na kufika kilomita 80 au 100 kwa saa, upepo unaanza kushinda injini. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kelele ya upepo huweza kupanda kwa desibeli zipatazo 18. Basi dawa ya kwanza haina bei: punguza mwendo.

Usiseme, «Mimi siendi kwenye lami, hayanihusu.» Tundu linalopiga mluzi huko ndilo linaloingiza vumbi jekundu la Aveba katika kifua cha mtoto wako. Likiwa mlango wa nyuma, huvuta pia moshi wa gari. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, nayo huua.

Fanya hivi:

1. Weka karatasi kati ya kauchu ya mlango na fremu. Funga mlango, kisha ivute. Ikitoka kwa urahisi, kauchu haibani hapo. Zunguka mlango mzima.

2. Usiku, gari likiwa limesimama, mtu mmoja aingie ndani na tochi. Wewe uliye nje, angalia mwanga unapopenya.

3. Ziba mianya kwa utepe wa kunata, mmoja baada ya mwingine, ukirudia kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Dereva aangalie njia. Abiria ndiye asikilize. Mluzi ukikoma, umepata mahali.

4. Osha kauchu kwa maji na sabuni. Usiipake petroli wala mazutu, huiharibu. Iliyopasuka ibadilishwe. Mlango ulioshuka, fundi akaze bawaba zake.

5. Keria ya juu isiyo na mzigo, iondoe. Kama haitoki, na vyuma vyake ni vya mviringo, vizungushie kamba kama mtambaazi unavyozunguka mti, uikaze sana. Upepo utakatika-katika, hautapiga filimbi.

6. Kwenye lami, funga vioo. Joto likizidi, punguza mwendo kwanza, ndipo ufungue.

Usifanye hivi:

Usiongeze sauti ya redio ili kufunika upepo. Hapo umeongeza kelele juu ya kelele. Wala dereva asivae vizibo vya masikio vya mgodini: atasikiaje honi ya lori, pikipiki inayompita, au mwito wa mtoto kando ya barabara?

Mama wa nyumbani, nawe tusaidie. Baba akirudi safari akataka umrudie maneno mara mbili mbili, au akisema masikio yanalia, usimcheke. Mpeleke kwa muuguzi apimwe mapema.

KUMBUKA: Mluzi wa upepo ni mjumbe. Usimfunike mdomo, nenda ukazibe tundu lililomtuma.