Pampasi ya rejareja, nepi ya mtaji

Katika maduka ya mtaani, kuanzia Mbagala hadi Kayole, pampasi huuzwa moja moja. Mwenye duka hupasua pakiti, akazipanga kwenye boksi la wazi pembeni ya sukari ya kupima, na mteja anayekuja saa mbili usiku hutaja saizi tu. Wakenya wameipa biashara ya namna hii jina lake, uchumi wa kadogo. Ukinunua pakiti nzima, kila kipande kinakuja kwa bei nafuu zaidi, na hakuna mama asiyelijua hilo. Tatizo ni kwamba pakiti nzima inataka noti ambayo tayari ina kazi nyingine.

Ushindani kati ya pampasi na nepi ya kitambaa huzungumzwa zaidi kama suala la afya ya mtoto au la mazingira. Kwenye pochi ya familia, hata hivyo, ni suala la mtaji. Nepi ya kitambaa hulipiwa yote mwanzoni, halafu inadai maji, sabuni na mikono kila siku. Pampasi hulipiwa kidogo kidogo, sawa na vile kipato cha mchana kinavyoingia. Kiwanda kilichoelewa jambo hilo kimeuza. Ambacho hakikuelewa kimepata taabu.

Hata Marekani somo lilikuwa hilohilo. Katika miaka ya 1940 Marion Donovan alikata pazia la bafuni akashona kifuniko cha nepi kisichopitisha maji. Haki za ubunifu wake aliziuza mwaka 1951 kwa dola milioni moja. Procter & Gamble ilipoanza kuijaribu Pampers sokoni mwaka 1961, mjini Peoria, Illinois, wazazi waliisifu lakini hawakurudi kununua, kwa kuwa moja ilikuwa senti 10. Kampuni ilirudi kwenye mashine zake ikatafuta namna ya kuzalisha kwa wingi, na biashara ikachangamka bei ilipoteremka hadi senti 6. Katika miaka ya 1980 zikaja chembechembe za kufyonza unyevu, zile zinazogeuka jeli pampasi ikilowa. Pampasi ikawa nyembamba, na kontena moja likabeba nyingi zaidi. Kwa nchi zinazoagiza bidhaa kwa meli, hilo halikuwa jambo dogo.

Afrika, kampuni kubwa za Marekani hazijapata usingizi mzuri. Mwaka 2023 Procter & Gamble ilitangaza kwamba inaacha kuzalisha Nigeria na itabaki kuagiza tu; mwaka uliofuata Kimberly-Clark, wenye Huggies, wakatangaza kuondoka nchini humo, ingawa kiwanda chao cha Ikorodu kilikuwa kimezinduliwa mwaka 2022 kwa gharama ya takriban dola milioni 100. Waliopanuka barani ni Waturuki wa Hayat, wenye Molfix, na Wachina wa Softcare, ambao viwanda vyao viko Ghana, Senegal, Kenya, Tanzania na kwingineko barani. Softcare walianza kama wafanyabiashara wa jumla waliolifahamu duka la pembeni kabla ya kufunga mashine. Novemba 2025 hisa za kampuni hiyo zilianza kuuzwa Hong Kong.

Kutengenezwa hapa, lakini, hakumaanishi kuwa bei imeachana na dola. Nyuzi laini za mbao zinazojaza pampasi hutoka zaidi kwenye misonobari ya kusini mwa Marekani, na zile chembechembe za jeli hutoka viwanda vya kemikali vya Asia na Ulaya. Ndiyo maana bajeti za Tanzania, kwa vipindi tofauti, zimetoa nafuu ya ushuru kwa malighafi za nepi za watoto. Ndiyo maana pia, shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mapema mwaka 2024, kila aliyekuwa na mtoto mchanga aliisikia habari hiyo bila kusoma gazeti.

Nepi ya kitambaa nayo imebadilika. Ile ya zamani ilikuwa kipande cha taulo cha mraba, kikakunjwa pembetatu na kubanwa kwa pini kubwa, juu yake ikavishwa chupi ya nailoni iliyokuwa ikimkwaruza mtoto mapajani. Asiyekuwa na taulo alikata khanga kuukuu, ambayo kwa kweli ni kitambaa bora kwa kazi hiyo: pamba tupu, imefuliwa mpaka imelainika, na inakauka upesi. Siku hizi zipo nepi zenye mfuko. Nje ni poliesta yenye utando usiopitisha maji, ndani kitambaa laini, katikati unasokomezwa mpachiko wa kufyonza, na mbele kuna safu za vifungo vya kubonyeza vinavyoiwezesha kumkaa mtoto wa kilo nne na baadaye wa kilo kumi na mbili. Nyingi huja kutoka China. Inasikitisha kidogo, ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga husafirishwa nje ikiwa bado haijafumwa.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa shilingi za Tanzania. Mtoto akitumia pampasi nne kwa siku, moja kwa shilingi 500, mwezi unakula 60,000 na miaka miwili inakula 1,440,000. Upande wa pili, nepi ishirini kwa shilingi 12,000 kila moja ni 240,000. Sabuni tuseme 6,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa miaka miwili. Maji, madumu matatu ya lita 20 kila siku: dumu likiwa shilingi 200, ni 432,000. Jumla 816,000, na familia imeokoa zaidi ya laki sita.

Sasa mgao wa maji ukaze, dumu lifike 500. Maji peke yake yanakuwa 1,080,000, jumla inapanda hadi 1,464,000, na kitambaa kinageuka ghali kuliko pampasi. Mwenye bomba ndani anaokoa pesa. Anayenunua maji kwenye mkokoteni anaweza kula hasara. Wanaowahimiza maskini watumie vitambaa ili wabane matumizi mara nyingi wanahutubia nyumba ambazo hazina bomba.

Na hesabu hiyo haijaweka bei ya mikono. Jijini Nairobi mama fua hulipwa kwa kibarua cha siku, lakini nguo za ndani na nepi mara nyingi hubaki kwa mwenyewe. Kufua kwenyewe kuna utaratibu: choo kinaondolewa kwanza, nepi inalowekwa, inafuliwa kwa sabuni ya mche, inasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha jua. Jiki huharibu ule utando, na dawa ya kulainisha na kunukishia nguo huzuia kitambaa kisifyonze. Masika yakiingia, kamba hujaa na hakikauki kitu. Isitoshe, kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na buu wake hupenya ngozini na kufanya uvimbe kama jipu. Anakopatikana inzi huyo nepi hupigwa pasi pande zote mbili, kwa hiyo ongeza umeme au mkaa.

Waipsi za nyumbani, yaani vitambaa vyenye unyevu vya kumpangusia mtoto, ni habari nyepesi zaidi. Fulana ya mtumba ya pamba, ikikatwa miraba ya upana wa kiganja, hutoa vipande kadhaa; maji yaliyochemshwa na kupoa, pengine na tone la mafuta ya nazi, yanatosha kwa kazi yote. Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wazazi wa watoto wachanga kwamba pamba na maji matupu vinatosha. Kinachowakwamisha wanaotaka kuzigeuza biashara ni ukungu. Kitambaa kilicholoa, kimefungwa kwenye kopo, katika joto la Dar es Salaam, hakimalizi siku nyingi kabla hakijaanza kunuka. Waipsi za dukani hukaa miezi kwa sababu zina kemikali za kuhifadhi, na hizo nazo zina historia yake: mojawapo, methylisothiazolinone, ilisababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani waliitaja kuwa kizio cha mwaka. Mjasiriamali mwenye akili atauza vitambaa vikavu vilivyopindwa vizuri pamoja na chupa tupu ya kupulizia, maji aachie nyumba ya mteja. Akitia maji na dawa, bidhaa yake inageuka kipodozi, na nchini Tanzania vipodozi viko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019.

Kuhusu mazingira, takwimu za Uingereza zinafundisha jambo. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2008 ulikuta vitambaa na pampasi vikikaribiana: kilo 570 za hewa ukaa kwa kitambaa, 550 kwa pampasi, kwa miaka miwili na nusu ya mtoto. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulileta 345 dhidi ya 457. Kinachoamua zaidi ni ufuaji: kukausha kwa mashine ya umeme kunaweza kula faida yote. Anayefua kwa mkono na kuanika juani tayari yuko upande mzuri wa jedwali hilo, ila hakuna anayemlipa kwa hilo.

Serikali ya Kenya ilijaribu kuipandisha pampasi bei. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza tozo ya mazingira ya shilingi 150 kwa kilo ya nepi. Kelele za akina mama zilikuwa miongoni mwa zile zilizousukuma muswada ule mpaka Rais William Ruto akakataa kuutia saini, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 Juni. Tozo ilikufa, takataka zikabaki kwenye jalala la Dandora, Nairobi. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 bado inamdai mzalishaji abebe wajibu wa kile anachokiuza, na viwanda vitapaswa kutafuta pa kuipeleka gharama hiyo.

Pwani ya Kenya kulikuwa na soko ambalo halikuhitaji nepi nyingi za aina yoyote. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo, ambao mama zao walikuwa wakianza kumshika mtoto akojoe tangu wiki zake za mwanzo, na akifika miezi mitano au sita alikuwa mkavu kwa kiasi cha kuridhisha usiku na mchana. Kinyume chake, Procter & Gamble mwaka 1998 ilipotoa Pampers saizi 6, ya watoto wakubwa zaidi, iliitangaza kwa sauti ya daktari maarufu wa watoto, T. Berry Brazelton, aliyeshauri mtoto asiharakishwe. Kila mwezi unaoongezwa kwenye nepi ni mwezi wa mauzo. Lakini mama anayekaa saa tisa kibandani Kariakoo, mtoto akiwa kwa jirani, hana nafasi ya kumshika mtoto kila anapobanwa na mkojo.

Kwa anayeuza nepi za kitambaa, basi, mteja mgumu ni yule asiyeweza kutoa 240,000 kwa mkupuo, hata kama maji anayo. Vikoba na vyama vya kuchangiana hununuliana masufuria, magodoro na majiko ya gesi kwa zamu. Dazeni ya nepi ingeingia humo bila taabu, ikianzia miezi ya mwisho ya ujauzito, wakati mama bado ana nguvu za kwenda kwenye kikao. Mafundi cherehani wanaoshona kwa oda wangeweza kuanza na nepi tatu, wakapokea malipo kila wiki na kuongeza nyingine kadiri mteja anavyomaliza deni. Kitambaa cha nje chenye utando watakiagiza. Mpachiko wa ndani unaweza kuwa taulo la mtumba lililokatwa na kushonwa tabaka nne, na hilo lipo kwenye masoko ya mitumba ya Karume na Gikomba kila siku robota linapofunguliwa.